Roketi Iliyoitwa Lavonne

Merle Tvedt alikuwa akipekua mahindi kutafuta kitu kilichokuwa chini ya kiti cha gari lake.

Alikwenda polepole, mstari kwa mstari, akitenga majani makavu kwa fimbo. Katika mstari wa jirani alikuwamo Lavonne, mjane wa rafiki yake Arden, naye akiwa na fimbo yake. Walikuwa wakifanya hivi tangu Julai, kila Jumamosi ya tatu ya mwezi, siku ambayo klabu yao ya roketi za kujitengenezea huwaalika watu kuja kutazama roketi zikirushwa.

"Angalia na juu, Merle. Labda imenasa kwenye bua."

"Naangalia."

"Unaangalia viatu vyako."

Nyuma yao, uwanjani, Peggy, mwenyekiti wa klabu, alikuwa kwenye kipaza sauti akiwatania wageni. "Inayofuata ni ya Gus! Mliokaa na soseji mkononi, simameni. Roketi za Gus hazichagui pa kuangukia!" Watu wakacheka, wakahesabu pamoja kutoka tano hadi moja. Sauti kama ya shuka inayochanwa ikapanda angani.

Lavonne hakugeuka kutazama.

Kofia nyekundu aliyovaa Merle ilikuwa ya Arden. Ndiyo kofia ya mkaguzi. Hakuna roketi inayorushwa kabla aliyeivaa hajaishika na kuikubali. Merle alimsaidia Arden kwenye meza ile ya ukaguzi kwa miaka tisa, akawarudisha watu wengi kwa makosa madogo. Arden alipofariki, mwezi wa tano, wakamvisha yeye.

Julai klabu iliamua kurusha kwa heshima ya marehemu ile roketi yake ya njano, ndefu kama mkono, aliyoiita Lavonne.

"Aliipa jina langu ili nisinune," mjane aliwaambia siku ya mazishi, na watu wakacheka huku wakifuta machozi. "Jumamosi zote alikuwa naye. Mimi nilibaki na sahani za kuosha."

Merle ndiye aliyeiandaa. Roketi ikifika juu, injini hutema moto kwa ndani ili kuusukuma nje mwavuli wa kuishusha polepole. Katikati ya moto na mwavuli huwekwa karatasi tano za rangi ya waridi, zisizoshika moto. Bila hizo mwavuli huyeyuka. Wengine huzikunjakunja ovyo tu na kuzisukumia ndani. Merle huzikunja, kila moja pembe kwa pembe.

"Mzee, unakunja leso za harusi?" Gus alizoea kumchokoza.

Asubuhi ile ya Julai macho ya Merle yalikuwa yamejaa machozi. Alipomaliza, Lavonne aliomba aishike peke yake kidogo, aiage. Merle akampa, akageuka, akasimama akitazama ghala la Kessler, mwenye shamba, mpaka alipoitwa.

Ilipanda vizuri kuliko zote za siku hiyo. Kisha ikaanguka kama jiwe, ikazama mahindini. Peggy akazima kipaza sauti.

Merle alikimbia mbele ya wenzake, akaikuta. Pua imepondeka, mwavuli umekuwa donge jeusi. Alijaribu kuiona akilini mikono yake ikiziingiza zile karatasi, akaona kila kitu kingine isipokuwa karatasi. Akaivunja vipande viwili, akaificha ndani ya koti, akarudi.

"Sijaiona," alisema.

Alikusudia kumwambia Lavonne kesho yake. Lakini Lavonne alikuwa ameshasema mbele ya wote, "Nitakuja kuitafuta mpaka niipate," na kila alipokuja, Merle alishika fimbo akaenda naye. Angewezaje kumwacha atafute peke yake?

Sasa walikuwa wamefika mwisho wa mstari.

"Kessler anasema Jumatatu mashine ya kuvuna inapita," Lavonne alisema. "Leo ndiyo mwisho." Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akavua glovu. Vidole vyake vilikuwa na mikato ya majani. "Lazima nimrudishie Arden kitu chake, Merle. Silali vizuri."

Merle alivitazama vidole vile.

"Njoo garini," alisema.

Lavonne akamfuata. Merle alifungua mlango, akapiga magoti, akauingiza mkono chini ya kiti, akatoa kifurushi cha taulo. Akakifungua juu ya kiti. Rangi ya njano ilikuwa bado inang'aa pale ambapo haikuungua.

"Tangu siku ile?" Lavonne aliuliza.

"Tangu siku ile. Nilisahau karatasi, Lavonne. Watu nimewarudisha kwa gundi tu isiyokauka, halafu mimi nasahau karatasi kwenye roketi ya Arden. Nimekutembeza mahindini miezi mitatu kwa sababu niliona haya." Akavua kofia nyekundu, akamnyooshea. "Mpe Peggy. Sistahili kuivaa."

Lavonne hakuipokea. Aliigusa roketi kwa kidole kimoja, pale palipoandikwa jina lake.

"Miezi mitatu," alisema, "nawe unadhani ulisahau."

"Nilisahau."

Uwanjani walikuwa wakihesabu tena: tano, nne, tatu.

Lavonne akaichukua kofia, akamvisha mwenyewe, akaishusha mpaka ikakaa sawa, kama alivyozoea kumvisha mumewe. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa kitu, akakiweka kwenye kiganja cha Merle.

Karatasi tano za rangi ya waridi, safi, kila moja imekunjwa pembe kwa pembe, kama Merle alivyozikunja Julai.