Kanga Chini ya Taa

Mtoto wa Mwanakheri alizaliwa salama, kisha akageuka manjano mpaka weupe wa macho. Nesi Apolonia alimvua nguo zote, akamfunga kitambaa machoni, akamlaza chini ya taa ya buluu.

"Mwanga ndiyo dawa yake, mama. Acha mwanga uiguse ngozi yake. Usimfunike."

"Sawa, sista."

Lakini wodi ilijaa wageni, na kwao mtoto ambaye hajatimiza arobaini haachwi uchi mbele ya macho ya watu. Kila mara nesi alipotoka, Mwanakheri alimfunika mtoto kanga. Aliposikia viatu vya nesi vikigonga sakafu, aliiondoa.

Siku ya nne mtoto aliacha kunyonya, shingo ikakakamaa. Asubuhi hiyo Apolonia aliingia amevaa kandambili, kimya kimya, akaikuta kanga.

Hakupaza sauti. "Siku tatu umeitibu kanga."

Akamhamishia mtoto kitanda cha pembeni, akamlaza mtoto wa mama mwingine chini ya taa.

"Na wangu, sista?"

"Wako manjano imeshaingia kwenye ubongo, taa haimsaidii tena. Sasa mfunike."

Mwanakheri aliikunjua kanga. Ilikuwa bado na joto la taa.