Rivolva Iliyonuka Baruti

Orrin Kessel alinusa mtutu wa rivolva yake mara ya pili, akitumaini kwamba pua imemdanganya. Haikumdanganya. Silaha aliyoisafisha na kuifungia kabatini kabla ya theluji ya kwanza ilikuwa ikinuka baruti, na masizi yalikuwa yameganda kwenye silinda.

Akaketi mezani jikoni, akachukua kitambaa na mafuta, akaanza kuisugua.

Ilikuwa rivolva ya jeshi, ya enzi za vita kuu ya kwanza, na ndiyo aliyoipenda kuliko zote alizokusanya. Iliundwa itumie risasi za bastola, zile bastola zinazojipakia zenyewe. Risasi hizo hupachikwa kwenye kibati chenye umbo la nusu mwezi kabla ya kutumbukizwa kwenye silinda. Ukimaliza kupiga, unakitoa kibati na maganda yake yote. Hakuna kinachodondoka chini.

Ufunguo wa kabati aliuficha nyuma ya kopo la unga wa mahindi. Aliyejua zaidi yake ni mtu mmoja tu, binti yake Jolene.

Jolene alirudi nyumbani katikati ya majira ya baridi, shavu limevimba, begi moja mkononi. Wiki iliyopita mumewe, Wade Pruett, alikutwa amelala chali kwenye zizi la ndama, kifua kimetobolewa kwa risasi. Jioni ile Jolene alikuwa ametoka na gari. Kupunga upepo, alisema. Orrin hakumwuliza chochote. Aliogopa jibu.

Alikuwa bado anafuta alipolisikia gari kwenye kokoto. Sherifu Dell Rasmussen alishuka, akaingia bila kubisha hodi, kama alivyozoea. Jumamosi nyingi wawili hao walikuwa wakilenga shabaha pamoja nyuma ya ghala, wakipigana vijembe na kunywa kahawa.

"Za asubuhi, mzee Orrin. Naona mkongwe ameshatoka kabatini."

"Namfuta vumbi tu."

"Vumbi? Lipite wapi? Bunduki zako zinaoga kuliko wewe." Dell alicheka, lakini macho yalibaki kwenye kitambaa kilichokuwa cheusi. "Twende basi, tukampigishe kelele kidogo."

Orrin alitamani kukataa. Lakini angekataa kwa kisingizio gani?

Nyuma ya ghala upepo ulikuwa ukivuma kutoka vilima vya mchanga, na ng'ombe walikuwa wamejibanza pembeni mwa uzio. Dell alipachika risasi kwenye vibati bila hata kuvitazama vidole vyake. Akapiga. Bamba la chuma likalia. Kisha akauelekeza mtutu kwenye gunia la mchanga, akapiga, akapiga tena. Alipomaliza alipiga magoti, akazichimbua risasi kwa kisu, akazitia mfukoni.

"Za nini hizo?" Orrin aliuliza.

"Za kulinganisha." Dell alijikung'uta mchanga magotini. "Vijana wangu wanazunguka wilaya nzima wakitafuta bastola. Bastola hutema maganda, mzee. Zizini kwa Wade hatukuokota hata moja. Wao wanasema muuaji aliyaokota. Kwenye samadi ile, giza linaingia? Wewe ungeyaokota?"

Orrin aligeuka akawatazama ng'ombe.

"Mimi nasema hayakudondoka kabisa. Jolene yuko wapi?"

"Mwache Jolene."

"Nikimwacha mimi, watakuja wengine. Mumewe alikuwa akimpiga, kila mtu anajua. Na silaha imo kwenye nyumba anamolala. Unadhani baraza la wazee wa mahakama litalihurumia shavu lake?" Dell alishusha sauti. "Kuzalia gerezani ni jambo baya sana, mzee wangu."

"Kuzalia?"

Sherifu alikifuta kisu kwenye suruali. "Kumbe hajakwambia. Basi nimeropoka. Samahani."

Orrin alishika uzio. Mjukuu. Mama yake Jolene alikufa akimtamani mjukuu, na sasa huyu hapa, bado hajaiona hata dunia, tayari anatafutiwa kifungo. Akauona uso wa binti yake nyuma ya nondo, kisha hakutaka kuona zaidi.

"Ni mimi," alisema.

"Ni wewe nini?"

"Nilimwua Wade. Kwa hiyo rivolva uliyoishika. Nilichoka kumwona mwanangu akipigwa kama punda. Jolene hajui lolote."

"Mzee Orrin, maneno kama hayo hayarudi mdomoni."

"Sitaki yarudi. Nitayasema mbele ya hakimu, nitayasema kanisani ukitaka. Ila mtoto wangu asiguswe."

Dell alitoa kinasa sauti kidogo kwenye koti. "Basi sema tena. Polepole, na jina lako kamili."

Orrin akasema tena.

Sherifu alimtia pingu kwa upole, mikono mbele, akamsaidia kukaa kiti cha nyuma cha gari. Akateremsha kioo kidogo. "Upate hewa," alisema, akaufunga mlango.

Orrin aliegemea kiti, akafumba macho. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi kifua kilimlegea. Alimwona mtoto akikimbia kwenye uwanja ule, akiwafukuza kuku, na Jolene akimwita kutoka barazani, huru, bila alama usoni. Kwa picha ile moja tu, alijiambia, gereza litapitika.

Nje, Dell aliuegemea ubavu wa gari, akapiga simu. Sauti iliyopenya kwenye upenyo wa kioo ilikuwa laini, sauti ambayo Orrin hakuwahi kuisikia kwake miaka yote ya urafiki wao.

"Amekubali, Jolene mpenzi," alisema. "Haraka kuliko ulivyosema."