Kinyumenyume

Mwalimu alikuwa ameshaufungua mkasi. Tepe za mlingoti wa Mei, ambazo watoto huzisuka kwa kucheza wakiuzunguka na kupishana, zilikuwa zimefumana vibaya, fundo limevimba kama ngumi, na wazazi walikuwa wanaanza kujaa uani na mikate yao ya nazi.

"Usikate, Miss!" Verlene, mtoto wa miaka sita, alimdaka mkono. "Ulisema kompyuta ikikosea hatuipigi. Tunarudi hatua moja moja mpaka pale tulipokosea."

"Maji yameshamwagika, mwanangu. Na huu ni mlingoti."

"Si ndio huu uliotufundishia kompyuta?"

Kweli tupu. Shule ile haikuwa na kompyuta hata ya kuazima. Mwaka mzima watoto walijifunza maagizo ya kompyuta kwa miguu, wakiuzunguka mlingoti: pita juu, pita chini, rudia.

"Haya, kinyumenyume!" Verlene akaamuru. "Kila mtu arudi alikotoka!"

Mpiga banjo wa ngoma hiyo, aliyeketi kando, akacheka. "Na mimi nipige wimbo kinyumenyume?"

"Wewe piga tu, anko. Ila polepole."

Visigino vidogo vikaanza kurudi. Utepe wa njano ukachomoka, kisha wa bluu, na fundo likalegea. Ghafla Verlene akasimama, akautazama utepe wake mwekundu, uliokunjamana na kulowa jasho kiganjani.

"Simameni," akasema. "Ni mimi. Hapa nilipita juu badala ya chini."

Hakuna aliyemcheka. Mwalimu akautia mkasi mfukoni.

Mtoto aliyeelekeana na Verlene akauinua utepe wake juu, juu kabisa, kama anayefungua mlango.