Fizi za Mama

Mtu ambaye fizi zake zilitoa damu alikula peke yake, kwa vyombo vyake, mbali na watoto. Ndivyo sheria ilivyotaka, ili asiwaambukize, na kijiti cha kupimia kilituma majibu chenyewe serikalini.

Nasra, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kusomea usafi wa kinywa, alitakiwa kufanyia zoezi nyumbani. Mama yake, Mwanakombo, alikaa kitini akapanua kinywa.

"Usiniumize, mwanangu."

Nasra alipitisha kijiti taratibu kwenye ukingo wa fizi, kama alivyofundishwa. Nyuma ya gego la chini damu ikachuruzika. Taa ya kijiti ikaanza kumetameta. Ikitulia tu, majibu yangekwenda.

"Vipi?" Mwanakombo aliuliza. "Nitaendelea kumlisha mjukuu wangu?"

Nasra alikifuta kijiti kwa pamba, akakitia kinywani mwake mwenyewe. Taa ikatulia, kijani.

"Uko salama, mama."

Mwanakombo alishusha pumzi, akampakata mtoto wa Nasra. Akachota uji, akauonja asije akamuunguza, kisha akakipeleka kijiko kile kile mdomoni mwa mtoto.

Nasra alinyoosha mkono kumzuia, kisha akaurudisha.