Katapila la Gogo Moja

Mnyororo uligoma kuingia kwenye magurudumu ya katapila.

Vitalis aliugeuza, akautia mate, akaujaribu kwa upande wa nyuma. Kila mara ulikwama kwenye mkono wa beleshi, ambao nyuma umeshikana na bodi na mbele umeshikana na beleshi, bila upenyo hata wa uzi.

Katapila hilo, dogo kama paka, alilitoa lote kwenye gogo moja la mpingo. Minyororo yake miwili ya kutembelea aliichonga hivyohivyo, pete ndani ya pete, kazi ya kiangazi kizima. Hakuna gundi wala msumari. Wachongaji wa ukoo wao pale Newala hawaungi. Anayeunga, marehemu baba yake alizoea kusema, huyo ni seremala.

Mota ya redio kaseti mbovu ilinguruma tumboni mwa katapila, haina mnyororo wa kuzungusha.

"Baba Anjelina," mkewe alisema huku akibangua korosho, "yale yanayochonga barabara ya Masasi nimeyaona yakifungwa. Mnyororo una pini. Wanaufungua, wanauvalisha, kisha wanaufunga."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu ulipoanza. Ulisema nisikuingilie."

Vitalis aliuinua mnyororo kwenye mwanga. Ulimteleza vidoleni, mweusi, laini kama rozari. Akachukua msumeno, akafumba macho, akakata pete moja.

Mkewe akamsogezea msumari.

"Bado mnyororo wa kulia," alisema.