Soksi za Mwajabu

"Kipupwe cha milima hii kitanitoaje mimi hemani?" Mwajabu alimwambia kaka yake asubuhi ile, kidevu juu, kamera shingoni. "Nimelala humu peke yangu, kama gogo."

Shomvi alilitazama hema. Lilikuwa limelala chini, limejaa alama za kwato. Mwajabu alikuwa amelipiga kwenye mapito ya ng'ombe.

"Na hizi?"

"Wageni. Walipita tu."

Walikuwa wamekubaliana: Mwajabu akilala nje peke yake usiku mmoja, aendelee na safari yake ya kupiga picha mpaka ziwani. Akishindwa, arudi nyumbani.

"Mwanangu!" Bibi Nakiete, mwenye ng'ombe, alitoka jikoni kwake akipunga soksi. "Zimekauka pale mekoni ulipolala. Na uji unapoa!"

Shomvi alicheka mpaka akashika magoti. "Kumbe gogo la jikoni! Haya, geuza pikipiki yako, turudi."

"Sawa, kaka," alisema Mwajabu akivaa soksi. "Ila kwanza picha ya kumbukumbu. Simama hapo na bibi, na hema lako uliloniazima ulishike."

Akainua kamera, akarudi nyuma hatua moja.

"Hamuenei."

Akarudi tena, na tena, mpaka kisigino kikagusa gurudumu la pikipiki yake, begi likiwa limeshafungwa juu.

Bibi Nakiete akauona ufunguo katika mkono wa pili wa Mwajabu. Akamtazama Mwajabu machoni, kisha akamshika Shomvi bega.

"Tabasamu, baba," akasema. "Na usitikisike."