Jina la Rubani

Tangu ndege iruke, magurudumu yalikataa kukunjika. Salha, rubani msaidizi, alimsihi Kapteni Mbelwa warudi.

"Kompyuta inapiga hesabu kama magurudumu yameingia, Kapteni. Hivi yalivyo nje, upepo unatukinza na mafuta hayatatosha."

"Imesema yatatosha, binti. Unabishana na mashine?"

Matangi yalikauka wakati wa kutua. Injini zikazimika, ndege ikajiburuza kimya hadi ukingoni mwa lami ya uwanja. Abiria walimpigia Mbelwa makofi kwa kuwaokoa. Mlangoni, mjamzito mmoja akamshika mikono yote miwili.

"Unaitwa nani, baba? Huyu wa tumboni nitampa jina lako."

Mbelwa hakuthubutu kugeuka nyuma, alikosimama msaidizi wake.

"Salha," alisema.

Yule mama akacheka. "Na akiwa wa kiume?"